Bustani ya Treptow, Berlin, Walikoonyeshwa Watu Wetu

Upande wa kusini-mashariki wa mji wa Berlin, kandokando ya mto Spree, iko bustani kubwa ya umma iitwayo Treptower Park. Mgeni hufika huko kwa treni ya mjini, akashuka katika stesheni yenye jina hilohilo, na baada ya mwendo mfupi hujikuta chini ya miti mikubwa yenye umri kupita wa babu zake. Tulipoitembelea tuliwakuta wazee wameketi kwenye mabenchi, watoto wakiendesha baiskeli, na mashua zikingoja abiria mtoni. Hapana kiingilio, wala hapana mlinzi wa kumwuliza mtu atokako. Walakini chini ya utulivu huo mna habari inayozihusu nchi zetu moja kwa moja, na kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwasimulia wasomaji wetu.

Kazi ya kuitengeneza bustani hii ilianza mwaka 1876. Aliyeichora ni Gustav Meyer, mkuu wa kwanza wa bustani za mji wa Berlin. Meyer alifariki mwaka 1877, na kazi yake ikaendelezwa na Hermann Mächtig hadi bustani ilipofunguliwa mwaka 1888. Siku hizo Berlin ilikuwa ikijaa viwanda, na wafanyakazi walisongamana katika nyumba za vyumba vingi zisizopata jua la kutosha. Bustani nyingi za zamani za Ulaya zilikuwa za wafalme. Hii ilipandwa kwa ajili ya wananchi, ikiwa na uwanja mpana katikati ili watu wapate mahali pa kucheza na kuvuta hewa safi. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi hatuna budi kulisifu.

Miaka minane tu baada ya kufunguliwa kwake, bustani iligeuzwa kazi. Wenye viwanda wa Berlin walitaka mji wao uwe na maonyesho ya dunia nzima kama yale ya Paris. Kaisari Wilhelm II alikataa, nao wakaamua kufanya maonyesho ya biashara na viwanda kwa nguvu zao wenyewe. Yalifunguliwa tarehe 1 Mei, 1896, yakaendelea hadi tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, na watu zaidi ya milioni 7 waliyatazama. Palionyeshwa mashine, nguo, vyombo vya umeme na vitu vingine vingi. Sehemu moja ilitengwa kwa ajili ya makoloni. Humo kilichoonyeshwa hakikuwa bidhaa peke yake, bali pia watu.

Watu 106 walisafirishwa kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini-Magharibi, Afrika ya Mashariki na Guinea Mpya. Kutoka pande zetu walikuwamo Waswahili na Wamasai. Walijengewa vijiji kando ya bwawa liitwalo Karpfenteich, wakatakiwa wapike, wacheze ngoma na waishi mbele ya macho ya watazamaji, siku baada ya siku. Tulisimama kando ya bwawa hilo. Bata waliogelea, na matawi ya miti yaliinama majini. Hapana ukuta wala kibanda cha wakati ule kilichosalia.

Miongoni mwa majengo yaliyosimamishwa hapo palikuwa na mfano wa boma ambalo Wajerumani waliliandika kwa jina la "Quikuru qua Sike". Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo bila shida: ndilo ikulu, neno la Kinyamwezi ambalo leo hutajwa kila siku katika Tanzania kwa maana ya makao ya Rais. Lilikuwa boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Isike aliwapinga Wajerumani kwa silaha, akazuia mashambulio yao zaidi ya mara moja. Katika Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilipolivunja boma lake, mtemi huyo alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa mateka. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita, na makao ya shujaa huyo yakawa pambo la bustani ambamo watu wa Berlin walipita wakistarehe. Ikulu iliyoangushwa Unyamwezi kwa mizinga ilisimamishwa upya Treptow kwa misumari, ili mshindi ajisifie.

Lakini watu wale 106 hawakuwa wanasesere. Baadhi yao walikuwa wamesoma, wakijua Kijerumani au Kiingereza, na nyumbani kwao walivaa suti na kanzu. Walipotakiwa wavae ngozi na majani ili wafanane na picha iliyokuwamo vichwani mwa watazamaji, wako waliokataa. Mtaalamu mmoja, Felix von Luschan, alifika na vipimo vyake ili awapime vichwa na viungo na kuwapiga picha kwa jina la elimu. Naye pia alikutana na watu waliomkatalia. Kijana mmoja wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, alifanya jambo linalokumbukwa hadi leo. Alijinunulia darubini ndogo, ya namna ile ambayo matajiri huitumia kutazamia michezo ya kuigiza, akawaelekezea watazamaji wake. Waliokuja kumtazama wakatazamwa.

Wengine walikuwa na shughuli zao wenyewe. Friedrich Maharero, mwana wa Samuel Maharero, mkuu wa Waherero, alikuwa mmoja wa waliokwenda Berlin mwaka ule. Miaka minane baadaye, mwaka 1904, vita vilizuka nchini mwao, na Wajerumani wakawaua Waherero na Wanama kwa maelfu hata mwaka 1908. Serikali ya Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita mauaji yale kwa jina lake, yaani mauaji ya kimbari. Martin Dibobe wa Kameruni alibaki Berlin baada ya maonyesho, akajifunza ufundi, na kuanzia mwaka 1902 akafanya kazi katika treni za chini ya ardhi za mji huo, akapanda cheo hadi kuwa dereva. Tarehe 27 Juni, 1919, yeye na wenzake 17 waliwapelekea watawala wa Ujerumani maombi yenye vipengele 32, wakidai haki sawa kwa watu wa makoloni. Mtu aliyeletwa ili atazamwe alijifanya mtu wa kusikilizwa.

Maonyesho yalipokwisha, majengo yalibomolewa na bustani ikarudishwa katika hali yake. Kitu kimoja kikubwa hakikuondolewa. Ni darubini ya mwananyota Friedrich Simon Archenhold, yenye urefu wa mita 21, ambayo hadi leo husimama juu ya paa la jengo lake ikielekea mbinguni kama mzinga. Katika jengo hilo, tarehe 2 Juni, 1915, Albert Einstein aliwaeleza watu wa kawaida nadharia yake ya uhusianifu. Archenhold alikuwa Myahudi. Utawala wa Wanazi uliipokonya jamaa yake kituo hicho. Yeye alifariki mwaka 1939, na mkewe na binti yao walifia katika kambi ya Theresienstadt. Kituo kilipewa jina lake mwaka 1946.

Kutoka hapo tulitembea hadi katikati ya bustani, kwenye makaburi ya askari wa Kisovieti waliokufa katika mapigano ya Berlin mwaka 1945. Wamezikwa hapo zaidi ya 7,000. Mahali hapo palifunguliwa tarehe 8 Mei, 1949. Mbele zimeinamishwa bendera mbili za mawe mekundu, na mbali, juu ya kilima, husimama sanamu ya askari iliyochongwa na Yevgeny Vuchetich. Mkono mmoja umembeba mtoto, mwingine umeshika upanga, na chini ya miguu yake umevunjika msalaba wa Wanazi. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na majeshi ya Kirusi yaliaga Berlin hapohapo tarehe 31 Agosti, 1994. Hata hivyo Ujerumani imeendelea kuyatunza makaburi hayo.

Basi hapa ndipo mgeni kutoka Afrika hujikuta akitafakari. Katika bustani moja, kumbukumbu zimegawanywa kwa vipimo visivyolingana. Askari wamepata mawe mazito, kama walivyostahili. Mwananyota amepata jina lake mlangoni. Watu 106 wa makoloni walipata majani yaliyoota juu ya vijiji vyao, na kwa muda wa miaka mia na zaidi waliopita hapo kwa matembezi walipita bila habari.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ukimya huo umevunjwa. Mwaka 2017, katika jumba la makumbusho la mtaa huohuo wa Treptow, yalifunguliwa maonyesho ya kudumu juu ya habari hiyo, yaliyotayarishwa pamoja na vyama vya watu weusi na wenzao wanaoishi Ujerumani. Yalipewa jina lenye maana ya "kutazama nyuma", ambalo pia lina maana ya "kumtazama anayekutazama". Humo watu wale hawatajwi tena kama kundi la wenyeji wasio na majina, bali kila mmoja hutajwa kwa jina na kwa maisha yake, kadiri yalivyopatikana.

Wahenga walisema kuwa mtenda husahau, mtendewa hasahau. Lakini hata mtendewa husahau asiposimuliwa. Vijana wetu wengi huenda Ulaya siku hizi kusoma na kufanya kazi, na watakaopita Berlin wataambiwa waende kuona majumba na malango maarufu. Waende. Kisha wapande treni hadi Treptow, wasimame kidogo kando ya bwawa lile, na wakumbuke kwamba hapo ilipata kusimama ikulu ya Isike, na kwamba hapo Mwafrika mmoja aliinua darubini akawatazama waliomtazama.