Unene wa Barafu ya Ncha ya Kusini Hupimwaje?

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi iliyofunikwa na theluji tupu haina la kuchunguzwa. Sivyo. Dr. Vivian Fuchs, ambaye mwaka 1934 aliongoza uchunguzi kandokando ya Ziwa Rudolf hapa Kenya, ambalo sasa huitwa Turkana, baadaye aliongoza kikosi cha watu 12 kuvuka bara la Antaktika. Waliondoka tarehe 24 Novemba 1957, wakapita Ncha ya Kusini, wakafika upande wa pili tarehe 2 Machi 1958. Walikwenda maili 2,158 kwa siku 99.

Kwanza, theluji. Kabla ya safari hiyo, watu watatu walikaa majira yote ya baridi katika kibanda mbali na pwani, na mmoja wao, Hal Lister, alikuwa mtaalamu wa barafu. Mtaalamu wa kazi hiyo huchimba shimo na kuzisoma tabaka ukutani mwake, kwa maana theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliopita, kama mikeka iliyopangwa. Debe la theluji ya juu halifiki nusu ya uzito wa debe la maji. Lakini huko chini theluji hukandamizwa na ile iliyo juu yake, hewa hutoka, na mwisho huwa barafu ngumu yenye mapovu madogo ya hewa ya zamani.

Pili, unene. Baruti hulipuliwa katika shimo. Mshindo hushuka mpaka kwenye jabali, kisha hurudi kama mwangwi. Katika barafu mshindo huenda karibu mita 3,800 kwa sekunde. Basi ukirudi baada ya sekunde moja, barafu ina unene wa mita 1,900 hivi.

Elimu hii huokoa maisha. Theluji huweza kuufunika ufa mkubwa ukaonekana kama uwanja imara. Watu wa Fuchs waliichoma theluji kwa miti hatua kwa hatua; hata hivyo gari moja lilining'inia juu ya ufa, likavutwa kwa taabu.

Tena yatuhusu sisi sote. Vipimo vya leo vyaonyesha kwamba barafu ya Antaktika ikiyeyuka yote, bahari itapanda kadiri ya mita 58. Hapo Mombasa na Lamu hazitasalimika.