Mwanzi wa Mjomba na Fimbo ya Dukani: Kweli na Si Kweli

Mjomba wangu wa Litembo alivua kwa mwanzi maisha yake yote, na kila mwanzi aliukata katika kichaka kilekile nyuma ya nyumba, kichaka ambacho pia kilitupatia ulanzi, pombe ya mwanzi. Kaka yangu alijifunza kuvua akiwa kazini Dar es Salaam. Yeye huvua kwa fimbo ya chapa ya Shakespeare na hataki kusikia jina lingine. Wakishuka pamoja kwenda Mbamba Bay walikuwa wakibishana njia nzima, kutoka milima ya Umatengo hadi mchanga wa Ziwa Nyasa. Mimi niliyekuwa nikibeba kopo la minyoo niliyasikia yote, na nilipokua nikaanza kuyapima moja baada ya jingine.

“Anayeshikilia chapa moja amekwisha kuzijaribu zote.”

Si kweli. Wengi wetu tulianza na fimbo tuliyopewa, au iliyokuwepo dukani siku tulipokuwa na hela. Sababu tulizitafuta baadaye. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walitoa matokeo ya jaribio la vikombe. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaambiwa wauziane. Wenye vikombe walitaka dola 7 hivi ndipo waviachie. Wasio navyo walikuwa tayari kutoa kama dola 3 tu. Kikombe ni kilekile, na mwenyewe alikuwa amekishika kwa muda mfupi. Sasa fikiria fimbo iliyokutolea samaki wako wa kwanza.

Nilimsimulia kaka habari hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nimekuelewa, mdogo wangu. Lakini hii siuzi.”

“Fimbo ya kiwandani hupata samaki kuliko mwanzi.”

Inategemea unavua wapi na unamtaka nani. Ziwa Nyasa lina kina cha meta zaidi ya 700, lakini ukishuka meta 250 hivi maji hayana tena hewa ya kumtosha samaki. Uhai wote wa samaki umo katika tabaka la juu, na aina nyingi zimejibanza kwenye miamba ya pwani. Ukisimama juu ya mawe ya Mbamba Bay, samaki wa mawe wako karibu na miguu yako. Hapo mwanzi mrefu hauna mpinzani: unashusha chambo katikati ya majabali, na samaki akishika unamwinua moja kwa moja kabla hajauburuza mshipi kwenye jiwe na kuukata.

Samaki aitwaye mbasa ni habari nyingine. Huyu huwinda samaki wadogo waitwao usipa kwenye maji ya wazi, na mvua zikija hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga. Kumfuata kunataka kurusha mbali, na akivuta unahitaji rili ya kumwachia mshipi taratibu. Kwa mbasa, kaka alikuwa na haki, na mjomba alilijua hilo ingawa hakulisema.

Ila tusiudharau mwanzi. Mwanzi wa ulanzi una kuta nene, na mara nyingine karibu na shina hauna tundu kabisa, ndiyo maana hupinda sana bila kuvunjika. Hata kampuni ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, iliyoanza mwaka 1872, ilijipatia sifa duniani kwa fimbo za mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba na kugundishwa upya kuwa ufito wa pembe sita. Mwanzi huo ulitoka kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za China mwaka 1950, watengenezaji wa fimbo wa Marekani walikosa mwanzi, na faibaglasi, iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni, ikapata nafasi yake. Maelfu ya wavuvi walihama kutoka mwanzi kwenda faibaglasi, na samaki hawakuulizwa lolote katika jambo hilo.

“Chapa tofauti, mwenye mali tofauti.”

Si kweli, na hili ndilo lililomuumiza kaka kuliko yote. Shakespeare ilianza Kalamazoo, Marekani, mwaka 1897. Penn ilianza Philadelphia mwaka 1932. Abu ilianza Sweden mwaka 1921. Leo zote ziko chini ya kampuni moja, Pure Fishing, na Hardy wenyewe walinunuliwa na kampuni hiyo mwaka 2013. Vile vipete ambamo mshipi hupita, ukivitazama vizuri kwenye fimbo za majina mbalimbali, mara nyingi utakuta vimetoka Fuji ya Japani. Hii haina maana kwamba fimbo zote ni sawa. Kila chapa ina wabunifu wake na vipimo vyake. Ina maana kwamba wavuvi wawili wanaoweza kununiana kwa ajili ya majina, huenda fedha zao zimeingia mfuko mmoja.

“Kaboni ni bora kuliko faibaglasi.”

Ni nyepesi zaidi, hilo ni kweli. Tangu fimbo za kaboni zilipoingia madukani katika miaka ya 1970, mvuvi ameweza kuhisi hata samaki anayeonja chambo tu. Lakini kaboni haipendi kugongwa. Fimbo ikifungwa kwenye bodaboda au kutupwa kwenye buti la basi la Mbinga, huweza kupata ufa usioonekana kwa macho, na siku samaki mzito akivuta ndipo unausikia mlio. Yangu ya kwanza, ambayo jina lake siliweki hapa kwa sababu kosa lilikuwa la safari, ilikatika ncha namna hiyo. Ndiyo maana naelewa kwa nini watu wa barabara mbovu, popote walipo duniani, wanazipenda fimbo za mchanganyiko kama Ugly Stik, iliyotoka mwaka 1976 ikichanganya kaboni na faibaglasi. Ni nzito kidogo mkononi, ila inavumilia.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa kila kijana wa Nyasa alijue: kaboni hupitisha umeme. Hili ni kweli kabisa. Ngurumo zikianza ziwani, laza fimbo chini na uondoke kwenye mawe. Usipite nayo imesimama chini ya nyaya za umeme.

“Jina ndilo linalomrudisha mvuvi dukani.”

Huku kwetu, mara chache. Sikiliza mtu akinunua ndoana: anataja namba. Namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, kwa hiyo ya 12 ni ya samaki wadogo na ya 6 ni kubwa kuliko hiyo. Pakiti za Mustad, Wanorwei wanaotengeneza ndoana tangu mwaka 1877, zinajulikana duniani kote, lakini anayetaka namba yake ataondoka na pakiti yoyote yenye namba hiyo. Kinachomrudisha ni kukuta kitu kilekile alichokizoea, kumpata fundi wa kufunga kipete kilichochomoka, na mwenye duka anayekubali kusubiri malipo hadi mteja auze kahawa yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mjomba. Mwanzi wake ukivunjika alikata mwingine katika kichaka kilekile, wenye uzito uleule na mpindo uleule, na mkono wake haukuhitaji kujifunza upya. Viwanda vikubwa vinatumia mamilioni ili fimbo ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Yeye aliipata hali hiyo nyuma ya nyumba.

“Kuna fimbo zenye bahati.”

Sitakimbilia kusema si kweli. Fimbo unayoiamini huichoki haraka, na ndoana iliyokaa majini saa nne hukutana na samaki wengi kuliko iliyotolewa baada ya saa moja.

Ile ncha yangu iliyokatika, mjomba ndiye aliyeitengeneza. Alichonga kijiti cha mwanzi, akakisukuma ndani ya tundu la kaboni, akakifunga kwa uzi na gundi, akanirudishia bila maneno. Desemba iliyopita nilivua nayo kwenye mawe ya Mbamba Bay kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, nikapata samaki wanne. Kaka, kwa Shakespeare yake, alipata sita. Akaniambia nijaribu ya kwake kidogo. Nikamshukuru, nikatia chambo kingine kwenye ndoana yangu.