Vali Mbili kwa Mteremko wa Ikombe

Kijiji cha Ikombe, wilayani Kyela, kimebanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Mahali pa namna hii pampu si lazima: maji yanakingwa mlimani, yanashuka yenyewe kwa mserereko. Taabu iko kwenye kimo. Kila mita 10 huongeza presha ya takribani bar 1, hivyo chanzo kilicho mita 150 juu ya kilula huleta bar 15 usiku, koki zote zikiwa zimefungwa. Bomba la plastiki la daraja la PN 10 limetengenezwa kwa bar 10.

Dawa yake ni tenki la kuvunja presha, au vali ya kupunguza presha. Ndani ya vali hii springi husukuma kiwambo cha mpira ili njia ibaki wazi. Presha ya upande wa chini ikipanda, hukirudisha kiwambo na njia hubanwa. Haitaki umeme wala mlinzi.

Vali ya umeme ni kitu kingine. Siku hizi inaingia vijijini mwetu ndani ya dira za malipo ya kabla: mteja anagusisha kadi, betri inatuma mkondo mfupi, vali inafunguka, salio likiisha, inafungwa. Yenyewe inajua kufungua na kufunga tu. Haijui presha.

Ndiyo maana vali hizi mbili huwekwa kwa mfuatano: chujio kwanza, kwa sababu mvua za Kyela hushusha mchanga na majani, kisha vali ya presha, mwisho ya umeme, ikiwa imekingwa dhidi ya nguvu ya mlima. Kwenye mabomba makubwa vali kuu huwa moja tu, yenye vidhibiti viwili vidogo: kimoja cha springi, kingine cha umeme.

Hapa ndipo mafundi wengi hupuuza jambo. Vali ya umeme ikijifunga ghafla, maji yaliyokuwa mbioni hugonga bomba. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Joukowsky alilikokotoa pigo hilo mwaka 1898: katika bomba la chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla hupandisha presha kwa takribani bar 12. Springi haiwahi kulizuia. Panahitajika vali inayojifunga taratibu, na vali ya usalama ya kumwaga presha iliyonaswa kati ya hizo mbili.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Vali nyingi za umeme hutumia presha ya maji yenyewe kuinua kiwambo, na huhitaji walau bar 0.3 hivi. Zikiwekwa chini ya tenki lililoinuliwa mita 2, huenda zisifunguke kabisa, na lawama zikaishia kwa betri.

Kwa maoni yangu, usalama wa bomba usikabidhiwe umeme hata siku moja. Umeme uamue nani apate maji na saa ngapi. Kulinda bomba iwe kazi ya springi. Kamati ya maji inayoletewa dira mpya idai kwanza kipimo cha presha pale pale kwenye kilula, mchana koki zikiwa wazi na usiku zikiwa zimefungwa, kabla ya kusaini.