Herufi moja tu: namna ribozomu inajenga protini

Ndugu wanafunzi, wengi kati yetu wanasoma habari ya ribozomu juu ya mtihani tu, kisha wanaisahau. Lakini ugonjwa wa siklemia, ule unaotesa jamaa nyingi hapa Kongo, hauwezi kufahamika bila ribozomu.

Maagizo ya kujenga protini yako katika ADN, ndani ya kiini cha seluli. ADN haitoki pale. Ni kama kitabu kilichofungiwa katika ofisi ya prefe. Kipande kinachohitajika kinanakiliwa, na nakala ile, ARN mjumbe, ndiyo inatoka inje. Imeandikwa kwa herufi ine: A, U, G na C.

Ribozomu iko na sehemu mbili, kubwa na ndogo. Inashika ARN mjumbe katikati na kuisoma herufi tatu tatu. Ikikuta AUG, inaanza. Nani analeta vitu vya kujengea? Ni ARN zingine fupi, kila moja inabeba asidi-amino yake. Herufi zake tatu zikipatana na zile za mjumbe, ribozomu inaunga asidi-amino ile kwenye mnyororo, inasogea herufi tatu mbele. Vile vile mpaka UAA, UAG ao UGA. Hapo mnyororo unaachiliwa. Asidi-amino hizo ni za namna 20 tu, na zinatosha kwa nywele, misuli na damu!

Tuangalie hemoglobini, yenye kubeba oksijeni. Mnyororo wake wa beta uko na asidi-amino 146. Kwenye nafasi ya 6 imeandikwa GAG, na ribozomu inaweka asidi glutamiki. Kwa mgonjwa wa siklemia imeandikwa GUG, basi inaweka valini. Ribozomu haikukosa hata kidogo. Herufi ikikosewa kwenye stensili ya gazeti hili, mashine itaitoa vile vile kwenye karatasi zote, sivyo? Hemoglobini ile ikipungukiwa oksijeni inashikamana, chembe nyekundu inajipinda kama mundu, inaziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu makali ya mifupa. Vernon Ingram alionyesha huko Cambridge, mwaka wa 1957, kwamba tofauti yote ni asidi-amino ile moja.

Mtoto SS amepokea herufi hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe, wakiwa AS, kwa kawaida hawaugui, hawajui kitu. Kwa kila mimba yao, nafasi ya kuzaa mtoto SS ni 1 juu ya 4. Basi wanaposema nyanya ndiye amemloga mtoto, wanamshitaki mama mzee bure: pimo la damu ya wazazi wawili litaonyesha herufi ile ilitoka wapi.