Siku Moja kwa Garimoshi, Cairo mpaka Alexandria

Askari anapopelekwa ng'ambo kwa masomo, mambo yake yote huwa yamekwisha kupangwa: saa ya kuamka, saa ya gwaride, saa ya darasa na saa ya kulala. Mkewe aliyeruhusiwa kufuatana naye hana ratiba. Hupewa vyumba viwili katika jumba la ghorofa, ufunguo mmoja, na onyo la kutotembea ovyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Uganda aliyemfuata mumewe mjini Cairo, katika nchi ya Misri, pamoja na watoto wao wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Kwa muda wa miezi minne mji ule mkubwa ulikuwa kwake duka la mkate na duka la mboga tu. Yule mvulana alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Mama, tutarudi lini Jinja?" naye mama hakuwa na jibu.

Mwishowe alimwambia mumewe kwamba Ijumaa, ambayo ni siku ya mapumziko Misri, wangekwenda Alexandria kuona bahari na kurudi siku ile ile, wakitumia vyombo vya abiria wote. Mume alikataa. Kibali chake kilikuwa na mwisho, nao ulikuwa saa nne usiku. "Tukichelewa," alisema, "atakayejibu mashtaka ni mimi, si wewe." Mama akamjibu kwa upole, "Basi, Baba, tupange kwanza kurudi, kisha ndipo tupange kwenda."

Hilo ndilo lililowaokoa. Siku mbili kabla ya safari walinunua tikiti za kwenda na za kurudi. Hawakuchagua garimoshi la mwisho la usiku, bali lile la saa kumi na moja jioni, ili likipatwa na jambo yawepo mengine nyuma yake. Hapo palitakiwa uangalifu, maana neno "saa" ni la Kiarabu pia, lakini hesabu yao si kama yetu. Saa yetu ya kumi na moja jioni, Mmisri huiita ya tano. Tena, dirishani mtu hatajiwi Alexandria. Wenyeji husema Iskandaria.

Kila jioni mama na binti yake walijifunza tarakimu kwa kusoma bei za vitu madukani. Kuzitamka hakukuwa na taabu kubwa, kwa kuwa sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka katika Kiarabu. Kuzisoma ndiko kulikokuwa na mtego. Sifuri yao ni nukta tu. Tano yao ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu. Sita yao yafanana na saba yetu. Saba yao ni kama herufi V, na nane ni herufi hiyo hiyo iliyopinduliwa. Baba aliwacheka, akasema kwamba yeye husoma ramani za vita, hawezi kushindwa na namba za dukani.

Ijumaa waliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1987 na kuwa ya kwanza katika Afrika. Mabehewa ya katikati huwekwa kwa ajili ya wanawake, lakini wao walipanda pamoja ili wasipoteane. Waliteremka Al-Shohadaa, wakapanda ngazi mpaka stesheni kuu ya Ramses. Katika mfuko wa kila mtoto mama alikuwa ametia karatasi yenye jina na anwani yao kwa Kiarabu. Katika kikapu mlikuwa na mayai ya kuchemsha, maji, na ile mikate ya duara ambayo Wamisri huiita eshi. Maana yake ni uhai, nalo neno letu "maisha" limetoka katika shina hilo hilo.

Reli ya Cairo na Alexandria ilikamilika mwaka 1856, miaka 40 kabla ya kuanza kutandikwa ile iliyotoka Mombasa kuja Uganda, mwaka 1896. Urefu wake ni kama kilomita 208, na garimoshi la haraka huutumia muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Mzee mmoja aliyeketi mbele yao hakusikia vizuri salamu ya baba, akauliza, "Afandim?" Baba akakaza mgongo kana kwamba ameitwa na mkubwa wake! Kumbe kwao ni namna ya adabu ya kusema "Unasemaje?" Afande wetu ni ndugu wa neno hilo. Asili yake ni ya Kituruki, likatumiwa katika jeshi la Misri, na Uganda lilifika pamoja na askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891.

Walipofika Banha garimoshi lilivuka mto. "Mto gani huu?" akauliza mvulana.

"Ni Nile," akajibu baba.

"Ile ya kwetu?"

Baba akamweleza kwamba maji mengi hujiunga kutoka Ethiopia, lakini maji yanayotoka katika ziwa pale Jinja nayo husafiri maelfu ya kilomita kuja huku. Kaskazini ya Cairo mto hugawanyika mikono miwili. Huo wa Banha ni mmoja. Wa pili wangeuvuka Kafr el-Zayyat. Hapo zamani hapakuwa na daraja, mabehewa yalivushwa kwa pantoni, na mwaka 1858 mwana wa mfalme aitwaye Ahmed Rifaat alikufa maji behewa lake lilipotumbukia. Mtoto hakusikiliza habari za mwana wa mfalme. Alibandika uso dirishani, akasema polepole, "Kumbe tuko kwenye mto wetu." Mama aligeuza uso, akajifanya anatazama mashamba ya mpunga.

Alexandria walipita stesheni ya Sidi Gaber, wakateremka ile ya mwisho. Walipanda gari dogo la abiria, kama teksi za Kampala, ila halina utingo. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo bila kupungua. Walikwenda kutazama ngome ya Sultani Qaitbay, iliyojengwa kuanzia mwaka 1477 mahali pa mnara wa kale wa kuongozea meli, ulioangushwa na matetemeko ya ardhi. Wakala mayai yao mbele ya bahari, na watoto wakarusha vijiwe majini.

Saa kumi na nusu walikuwa wamekwisha kurudi stesheni. Behewa lao lilikuwa namba tano, na namba mlangoni ziliandikwa kwa Kiarabu peke yake. Baba akatangulia mbio katikati ya umati, akarudi anatoka jasho. "Hakuna tano! Kuna nne, kisha sifuri, kisha saba!" Dakika zilikuwa zinakwisha. Binti akamshika mkono. "Baba, hiyo sifuri ndiyo tano." Wakapanda, na garimoshi likaondoka.

Saa tatu kasoro robo usiku walikuwa mlangoni kwao, na kibali kilikuwa na saa nzima na zaidi. Njiani baba alikuwa ameomba afundishwe zile tarakimu.

Familia iliyoko ng'ambo haihitaji fedha nyingi ili kuijua nchi iliyowapokea. Yahitaji tikiti ya kurudi mfukoni, pasipoti, pesa ndogo ndogo, anwani katika mifuko ya watoto, na ulimi usioona haya kuuliza. Isipige picha za madaraja wala walinzi. Ama yule mvulana, asubuhi iliyofuata hakuuliza habari ya kurudi Jinja. Aliuliza mkono ule mwingine wa mto unaishia wapi, na kama garimoshi hufika huko.