Kwa nini mbunge hukiogopa chama kuliko wapiga kura

Na Mwandishi Wetu

MBUNGE wa Tanzania akiwaudhi wapiga kura wake, hukaa bungeni hadi muhula wa miaka mitano uishe. Akikiudhi chama chake kikamfukuza uanachama, anaweza kukosa kiti kesho yake. Hali hiyo haitokani na tabia ya mtu mmoja mmoja, bali na Katiba ya mwaka 1977 kama ilivyo tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992.

Ibara ya 67 inamtaka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 71 inaongeza kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo wakati alipochaguliwa, ubunge wake unakoma. Kadi ya chama, kwa hiyo, ndiyo mlango wa kuingilia bungeni na ndiyo mlango wa kutokea.

Wanaoutetea utaratibu huo wanasema unamlinda mpiga kura. Aliyechaguliwa kwa ilani ya chama kimoja hawezi kuihamishia kura hiyo chama kingine bila kurudi kwa wananchi kuomba ridhaa upya. Hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo, wimbi la kuhama vyama la mwaka 2017 na 2018 lilionyesha upande wa pili. Desemba 2017, Maulid Mtulia wa CUF, Jimbo la Kinondoni, na Dk. Godwin Mollel wa Chadema, Jimbo la Siha, walijiuzulu na kujiunga na CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. CCM iliwasimamisha katika majimbo yale yale, wakashinda Februari 17, 2018. Mwita Waitara wa Ukonga alihama Julai mwaka huo na kuwa naibu waziri Novemba. Dk. Mollel aliupata wadhifa kama huo mwaka 2020.

Upinzani ulidai wanachama wake walikuwa wakinunuliwa, madai ambayo CCM iliyakanusha. Nia ya mtu ni vigumu kuipima, lakini gharama inaonekana. Fedha za umma zilirudia uchaguzi uliokwisha kufanyika. Siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa Chadema.

Kanuni hiyo pia haijatumika kwa mizani moja. Julai 2017, wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walipofukuzwa na upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, Spika alitangaza mara moja kuwa viti vyao viko wazi. Novemba 2020, Chadema iliwafukuza wabunge 19 wa viti maalumu, akiwamo Halima Mdee, kwa kuapishwa bila ridhaa ya chama. Hao waliendelea kubaki bungeni.

Shinikizo la kubadili utaratibu limetoka ndani na nje ya nchi. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mahakamani haki ya mgombea binafsi. Mahakama Kuu ilimkubalia mara mbili, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa Tanzania ilikiuka haki zake. Hata hivyo, uchaguzi mkuu wa mwaka 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi.

Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya Desemba 2013 ilipendekeza wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge, liliifuta ibara hiyo mwaka 2014. Nchini Kenya, haki hiyo imo katika Ibara ya 104 ya Katiba ya mwaka 2010.

Lawama kwa wanaohama zitaendelea kusikika kila msimu. Lakini maadamu chama pekee ndicho chenye uwezo wa kumpa na kumnyang'anya mbunge kiti katikati ya muhula, atakayesikilizwa kwanza ni kiongozi wa chama, na mpiga kura atasubiri miaka mitano.