"Kubwa kwa nani?" Swali nililorudi nalo kutoka kaskazini ya mbali

MKALIMANI alinyamaza ghafla. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wapatao arobaini, katika ukumbi wa michezo wa shule ya kijiji kimoja cha Wadene, kaskazini mwa Kanada, nikisoma maoni ya ofisi yetu ya serikali kuhusu mradi wa mgodi. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi niliyoitunga kwa siku tatu: "Athari za mradi huu kwa maji ya ziwa hazitakuwa kubwa." Mama yule wa makamo aliweka kipaza sauti chini, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Niwaambieje wazee? Kubwa kwa nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia atafsiri kama ilivyoandikwa. Alifanya hivyo, na ukumbi mzima ukakaa kimya. Mimi, mtu wa Hoima, nilizoea kwamba mkutano ukinyamaza basi watu wameridhika. Nikaendelea na ukurasa uliofuata. Baadaye niliambiwa kwamba kimya kile kilikuwa heshima: walikuwa wakinipa nafasi ya kufikiri upya nilichokisema. Mimi nikaipoteza nafasi hiyo kwa kusoma takwimu.

Niliwasili Yellowknife mwezi Januari 2014, kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mkataba wa miaka miwili mfukoni. Mji huo ni makao makuu ya jimbo la Northwest Territories. Msomaji, ukitaka kujua ukubwa wa jimbo hilo, chukua Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, uziweke zote ndani yake, na ukihesabu na maziwa yake bado nafasi itabaki. Lakini sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu 41,000 tu hivi. Wote wangeenea katika uwanja wa Mandela pale Namboole. Lugha rasmi ni 11, tisa kati yake zikiwa za wenyeji. Mwezi Desemba jua huonekana kwa saa tano hivi, na mwezi Juni huzama kwa saa chache tu.

Siku ya kwanza kazini, mwenzangu alinieleza kwamba tatizo letu kubwa litakuwa "caribou". Masikioni mwangu neno hilo lilikuwa "karibu", nikamjibu "asante". Alinitazama kwa mshangao. Kumbe ni mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye pembe, anayehama kwa makundi kama nyumbu wa Serengeti, na ambaye kwa karne nyingi ndiye aliyekuwa chakula, nguo na hema la Wadene.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ikitaka kuchimba, kujenga barabara au kutumia maji mengi, huomba kibali kwa bodi ya ardhi na maji. Kwa mujibu wa sheria ya bonde la Mackenzie ya mwaka 1998, mradi unaoweza kuleta athari kubwa, au unaowatia wananchi wasiwasi mkubwa, hupelekwa kwenye tathmini kamili mbele ya bodi nyingine, ambayo wenyeji huteua sehemu ya wajumbe wake. Kampuni huandika ripoti yake, mara nyingi maelfu ya kurasa. Sisi wa serikali tuliisoma, tukauliza maswali kwa maandishi, tukawatuma wataalamu wa samaki, wa maji na wa wanyama kupima hesabu zake. Kila barua iliwekwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuisoma. Mwishoni bodi husikiliza watu hadharani, kisha hutoa mapendekezo kwa mawaziri.

Utaratibu huo haukudondoka kutoka mbinguni. Miaka ya 1970 kampuni zilitaka kupitisha bomba la gesi katika bonde la mto Mackenzie. Mwaka 1974 serikali ilimteua Jaji Thomas Berger kuchunguza suala hilo. Badala ya kukaa mjini na mawakili, alifunga safari hadi kwenye jumuiya 35, akaketi na wavuvi, wawindaji na akina mama, na maneno yao yakarushwa redioni kwa lugha zao. Ripoti yake ya mwaka 1977 ilipendekeza bomba la bonde hilo lisubiri miaka 10 ili madai ya ardhi ya wenyeji yatatuliwe kwanza. Mradi kama huo ulifufuliwa baadaye, ukapata idhini mwaka 2011, na wenyewe wakauacha mwaka 2017 kwa sababu za kibiashara. Hadi leo ukienda vijijini, wazee hukusimulia alivyokuja jaji yule na jinsi alivyosikiliza.

Lakini somo langu kubwa sikulipata katika ripoti ya Berger. Lilikuwa kilomita chache tu kutoka ofisini kwangu, kwenye mgodi wa dhahabu uitwao Giant.

Mgodi huo ulizalisha dhahabu kuanzia mwaka 1948 hadi 2004. Mawe yake yalikuwa na aseniki, na ili kuipata dhahabu ilibidi yachomwe. Moshi wenye sumu ulipanda na kutua juu ya theluji na maziwa. Mwaka 1951 mtoto mdogo wa Kidene alifariki dunia baada ya familia yake kutumia maji ya theluji iliyoyeyushwa. Wazazi walilipwa dola 750. Baada ya hapo vumbi la sumu lilinaswa kwa mitambo na kumwagwa katika vyumba vilivyochongwa chini ya ardhi. Mwaka 1999 mmiliki alifilisika. Kilichobaki chini ya ardhi ni tani 237,000 za vumbi la aseniki, kando ya ziwa kuu ambalo ni kitoweo na maji ya watu. Mzigo wote uliangukia serikali, yaani mlipa kodi.

Suluhisho lililopendekezwa ni kuligandisha vumbi hilo kwa mabomba maalumu yanayovuta joto kutoka ardhini na kulitoa hewani, ili maji yasiweze kupenya. Serikali iliona hilo ni jambo la kitaalamu na halihitaji tathmini kamili. Ni halmashauri ya mji wa Yellowknife iliyotumia haki yake kisheria mwaka 2008 na kuupeleka mpango huo kwenye tathmini. Wananchi wakauliza swali moja tena na tena: mtagandisha hadi lini? Mpango ulisema milele. Bodi, katika uamuzi wake wa mwaka 2013, ilikataa milele. Iliweka masharti 26, miongoni mwake kwamba mpango huo udumu miaka 100 tu, uchunguzwe upya kila baada ya miaka 20, utafiti wa suluhisho la kudumu uendelee, na kiwepo chombo huru cha kusimamia. Mwaka 2022 gharama ya usafishaji ilikadiriwa kuwa dola za Kanada bilioni 4.38.

Nilipowapeleka wageni kuliona eneo hilo, niliwauliza: mwaka 1948, kama kungekuwa na afisa kama mimi, angeandika nini? Nadhani angeandika kwamba athari hazitakuwa kubwa.

Hali ni hiyohiyo kwa wale wanyama niliowaitikia "asante". Kundi linaloitwa Bathurst lilikadiriwa kuwa na wanyama 470,000 mwaka 1986. Mwaka 2018 walibaki 8,200 hivi. Sababu ni nyingi na wataalamu wanabishana: hali ya hewa, uwindaji, mbwa mwitu, barabara. Katika eneo hilohilo migodi minne ya almasi ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza mwaka 1998, wa mwisho 2016. Kila mmoja ulipimwa, na kila mmoja ulipata kibali. Tangu mwaka 2015 wawindaji wenyeji ndio waliozuiwa kugusa kundi lile. Mzee mmoja aliniambia, "Mmepima kila kidole peke yake mkasema hakina nguvu. Sasa ni ngumi."

Mzee huyo ndiye aliyeniuliza, tukiwa tunakunywa chai baada ya mkutano wangu wa nne hivi kijijini kwao, "Mjukuu wangu, wewe utakaa hapa miaka mingapi?" Nikamjibu, miwili. Akacheka. Alinihesabia kwa vidole maafisa waliomtangulia mtu wa kiti changu: kila mmoja alikuja, akajifunza jina la ziwa, akaahidi, akaondoka. "Barua zenu zinakaa makabatini," alisema. "Sisi tunakaa hapa."

Niliomba mkataba uongezwe. Nikakaa karibu miaka kumi. Sikuokoa ziwa wala kundi, lakini nilijifunza kuacha kuandika "hazitakuwa kubwa" bila kusema kubwa kwa nani, kwa muda gani, na nani atapima. Mara mbili mkurugenzi alinirudishia rasimu akiniambia nimeandika kama mwanaharakati. Mara mbili niliirudisha vilevile, nikiambatanisha maneno ya wazee yaliyorekodiwa. Moja ilipita.

Tarehe 16 Agosti 2023 tuliamriwa kuuhama mji kwa sababu ya moto wa msituni. Watu 20,000 hivi waliondoka ndani ya siku chache, kwa magari na kwa ndege, wakabaki wazimamoto na wahudumu muhimu. Nikiwa kwenye foleni ya magari usiku ule, majivu yakianguka kwenye kioo, nilimkumbuka mzee. Kama mji mkuu unaweza kubaki mtupu kwa wiki tatu, nani anaweza kuahidi ulinzi wa miaka 100? Mwisho wa mwaka huo nilirudi nyumbani.

Hapa Hoima nilikuta bomba la mafuta ghafi ndilo gumzo. Ni kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Baba yangu mdogo, ambaye shamba lake haliko mbali na njia ya bomba, aliniita chini ya mwembe. "Amooti," alisema, akitumia jina langu la heshima, "wewe umesomea mambo haya. Hayo mafuta yakiisha, nani atabaki akiangalia chuma hicho?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini nilimwambia swali lake ndilo lenyewe, na mahali pake ni kwenye mkutano, mbele ya mkalimani na mwandishi wa kumbukumbu. Mwezi Novemba 2018, kabla mradi wa Tilenga haujapewa kibali, mikutano ya hadhara ilifanyika Buliisa na Nwoya. Itakuja mingine, ya mafuta, ya madini, ya mabwawa, hapa na kwa majirani zetu.

Ndugu msomaji, ukiitwa, usiende kula soda na kusaini daftari tu. Uliza hali ya maji na wanyama ilipimwa lini kabla mradi haujaanza. Uliza miradi mingine ya jirani imejumlishwa au kila mmoja umepimwa peke yake. Uliza dhamana ya fedha ya usafishaji ni kiasi gani, na imewekwa wapi kabla ya jembe la kwanza. Na afisa akikuambia athari hazitakuwa kubwa, mwulize kwa upole kama yule mama alivyoniuliza mimi. Akinyamaza, msubiri. Usimwachie afungue ukurasa unaofuata.